Mkojo wa Karavati

Chwaaa. Kimya. Chwa, chwa. Kimya tena.

Sauti ilitoka nyuma ya mabati, kule ambako kila mnywaji wa kahawa ya Fatumah huenda kupunguza mzigo kabla ya kuomba kikombe kingine. Breki hakuhitaji kugeuka. Kwa muda wote aliokaa kwenye benchi hili la Mvara, mjini Arua, pikipiki yake ikingoja abiria, alikuwa amejifunza kuwatambua watu kwa mshindo wao. Bunge alikojoa kama alivyozungumza, bila kituo wala mwelekeo. Huyu wa sasa alikuwa Karavati, na mkojo wa Karavati ulijulikana: mvua ya Agosti juu ya bati, inakuja mara moja, inamaliza kazi yake, inaondoka. Leo ulikuwa unakatika kama redio yenye betri zilizochoka.

Redio yenyewe, iliyokaa juu ya boksi la sukari, ilikuwa imetoka kutangaza kwamba mheshimiwa mmoja amesafirishwa ng'ambo kutibiwa kidole cha mguu. Bunge, aliyepewa jina hilo kwa sababu akishika zamu ya kusema haiachi, alikuwa ameishika.

"Kidole kimepanda ndege," alisema. "Vidole vyetu vinapanda nini?"

Breki akasema vyake vinapanda pikipiki isiyo na breki, na dunia nzima inajua, ndiyo maana hakuna anayemwita Aliga tena ila mke wake na polisi. Fatumah akamimina kahawa akisema kidole kikitibiwa ng'ambo hurudi kinaongea Kizungu, na hapo huwezi tena kukivalisha kandambili. Bunge alitaka kujua kama kidole kilipewa kiti chake au kilikaa na mwenyewe.

Ndipo Karavati akatokea. Kwao ni ng'ambo ya mpaka, Ariwara, na jina lake ni Gauthier, lakini fundi cherehani anayevaa tai shingoni hata jua likipasua mawe hawezi kukwepa jina la Karavati, maana kwao tai ndiyo karavati. Alikaa bila kuomba kahawa.

"Ng'ambo," akasema. "Hata mimi niko ng'ambo. Arua ndiyo ng'ambo yangu. Mbona hakuna mutu wa kunitibu?"

Walicheka, wakidhani ni zamu yake ya mzaha. Fatumah ndiye aliyeona kwamba mwenyewe hacheki, akamuuliza kulikoni. Karavati akatazama viatu vyake. Tangu arudi kutoka Abuku, kule Koboko, alikokwenda kuwapima wanakwaya sare mpya, mkojo iko nyekundu. Si nyekundu ya bendera, akajitetea, ni ya chai ya rangi iliyoachwa jikoni ikachemka mpaka ikajuta.

Benchi likageuka hospitali. Bunge alisema ni wazi kwamba figo lililegea kwenye barabara ya Abuku, kwa kuwa Breki ndiye aliyembeba. Breki akajibu kwamba alipakia fundi mzima na akashusha fundi mzima. Kama figo lilidondoka njiani, lingepiga kelele. Fatumah alishuku juisi ya karkade wanayoitengeneza Koboko, nyekundu kama kucha za bi harusi, lakini Karavati aliapa hajaionja. Basi arudi kwao, Bunge akaamua, akajieleze kwa Kifaransa, maana ugonjwa wa aibu ukitajwa kwa Kifaransa unasikika kama jina la manukato.

"Na kliniki ya hapo mbele?" Fatumah akauliza. "Iko na maabara. Huhitaji hata pikipiki."

"Dirishani pale, nani anapokea mikojo?" Karavati akauliza.

Breki akaweka kikombe chini. Alikuwa amesahau. Anayepokea mikojo pale ni Mama Drateru, mama yake Lillian. Na Jumamosi hii hii ndugu za Karavati walikuwa wanavuka mpaka na mbuzi kwenda nyumbani kwa mama huyo kumposa Lillian. Kwao Karavati, mtu hamtazami mama mkwe usoni. Akimwona njiani anahamia upande wa pili. Akiwa na neno la kumwambia, analipitisha kwa mtu mwingine. Hata vipimo vya gauni la Mama la Jumamosi, ambalo Karavati mwenyewe alikuwa analishona, vililetwa na Lillian.

"Mutu anapelekea mama mkwe mbuzi," Karavati akasema. "Anapeleka sukari, anapeleka jembe. Hapeleki chupa ya mkojo ingali na joto. Na akijua nakojoa damu, atasema bomba limeoza, binti yake hatazaa. Jumamosi itakufa."

Bunge alifikiri kwa sauti, kama kawaida. Mkojo hauna sura, alisema. Hauna kabila wala paspoti. Breki aupeleke kama wake, majibu yakitoka ayalete benchini, dawa zimezwe na anayestahili. Breki alipinga kwamba yeye ana mke, Asiku, na ana bomba zima ambalo halijawahi kulalamikiwa. Akaendelea kupinga mpaka Karavati alipomshika mkono.

"Breki, ndugu yangu. Jana iliniuma mpaka nikakaa chini sakafuni. Mimi naogopa."

Hapo Breki akaomba chupa. Fatumah akatoa chupa tupu ya soda, Karavati akarudi nyuma ya mabati, na kile kilichotoka hakikumchekesha mtu. Fundi akachomoa mfukoni kipande cha kitenge cha bluu chenye majogoo ya manjano, akaifunga chupa vizuri, kingo zimekunjwa ndani. Huyo ndiye Karavati: hata mkojo hawezi kuuacha utembee bila nguo.

Kliniki ilikuwa imejaa. Breki alisogea mpaka dirishani, akaiweka chupa mbele ya Mama Drateru. Mama akaifungua, na Breki akaona kwamba alikitazama kitambaa muda mrefu kuliko alivyoutazama mkojo.

"Huu ni wako, Breki?"

"Wangu kabisa, Mama. Nimeukojoa mwenyewe."

"Kuna maumivu?"

"Sana."

"Wapi?"

Breki akashika goti. Foleni yote ikacheka. Mama Drateru hakucheka. Aliingia ndani, akachovya kile kikaratasi chao, akarudi akasema kwa sauti ya chini kwamba damu ipo kweli. Huenda ni vijidudu, huenda ni kijiwe, huenda ni minyoo ya majini, huenda ni kitu kibaya zaidi. Mkojo peke yake hausemi, lazima daktari amwone mwenye nao. Nyuma yake Breki alimwona mtu mwenye koti jeupe akivaa glavu, kidole kimoja kimoja, bila haraka. Breki akakumbuka kwamba ameacha pikipiki inanguruma. Haikuwa inanguruma, lakini muda si mrefu ilinguruma.

Benchini alieleza yote. Bunge aliishikilia habari ya glavu, akitaka kujua zilivutwa mpaka wapi. Karavati aliuliza neno moja tu.

"Damu?"

"Damu."

Kabla Karavati hajasema lingine, pikipiki ya stendi nyingine ikasimama, na Mama Drateru akashuka na koti lake la kazi. Karavati aliruka kutoka benchini akageuza uso kwenye mabati, akasimama hapo kama mtoto aliyeadhibiwa. Mama hakumtazama. Alimsalimia Fatumah, akakaa, akaomba kahawa, kisha akatandaza juu ya goti lake kile kitambaa cha bluu.

"Fatumah," akasema, "nilimpelekea fundi mmoja kitenge cha majogoo anishonee gauni la Jumamosi. Leo kipande chake kimekuja dirishani kwangu kimefunga mkojo wa mtu anayeumwa goti."

Breki akatazama goti lake. Bunge akaanza kuhesabu majogoo ya kitambaa.

"Mwambie fundi huyo," Mama akaendelea, "kwamba nimeshika mikojo ya Mvara yote. Ya mchungaji nimeshika, ya walimu nimeshika, na ya wakubwa kabla hawajapanda ndege. Wa mkwe hautaniangusha."

Fatumah akageukia mabati. "Karavati, Mama anasema..."

"Nimesikia," mabati yakajibu. "Mwambie Mama naona haya. Mwambie naogopa atanikatalia Lillian."

Fatumah akageuka tena, ingawa kati ya hao wawili usingeweza kupitisha mbuzi. Kabla hajafungua kinywa, Mama Drateru akainua mkono.

"Mwambie kuumwa si kosa. Dawa tukiwa nazo tutampa, tusipokuwa nazo tutamtuma zilipo. Lakini Jumamosi ikimkuta amejificha na maumivu yake, hapo nitamkatalia kweli. Sitaki mwanangu amlilie mtu aliyekufa kwa kuniheshimu mimi." Akanywa kahawa. "Daktari amekwisha kuvua glavu, ameondoka. Anarudi kesho asubuhi, na anataka mkojo wa kwanza wa siku. Wa mwenyewe. Asimtume tena huyu wa goti."

Fatumah akarudi kumimina kahawa, maana ujumbe ulikuwa umefika wenyewe.

Karavati aligeuka taratibu. Breki aliona mkono ukipanda shingoni na kuiweka tai sawa. Macho ya fundi yalipanda pia, yakafika kwenye kidevu cha mama mkwe, yakapumzika hapo kidogo, kisha yakamalizia safari.

"Mama," akasema, "kesho dirisha likifunguliwa utanikuta mimi mwenyewe. Chupa nitaibeba kwa mkono wangu, mbele ya foleni yote, na itakuja uchi."