Dakika Arobaini na Kapteni

Jumatatu, 4 Machi 1974
Lifti imepona! Miezi minne tumepanda ngazi hadi ghorofa ya sita, leo imeamka. Nilipanda pamoja na Kapteni Asuman, mwanajeshi aliyeletwa kuongoza ofisi yetu hapa Nakasero. Watu tisa ndani, hakuna anayepumua. Okeny, karani mwenzangu, akamwamkia na kumuuliza hali ya mguu wake. Kapteni akacheka! Akamwita kwa jina! Mimi nilipiga chafya, nikatazamwa. Heri nisingetazamwa. Nafasi ya karani mkuu iko wazi, na tunaoitaka ni wawili. Okeny ana ulimi. Mimi nina akili. Nitaandika kanuni za adabu ndani ya lifti.

Jumanne, 5 Machi
Nilizibandika mlangoni kabla ya saa mbili. Wanaotoka watoke kwanza. Mtu asile muhogo ndani. Ya tatu ndiyo niliyojivunia: mwenye cheo kikubwa aingie kwanza, wengine wafuate kwa vyeo vyao.

Balaa! Kila mtu ana cheo. Nabalayo, mpiga chapa, alisema ana miaka kumi na moja kazini na haingii nyuma ya karani yeyote. Lifti ikapanda tupu mara tatu. Foleni ikafika barabarani. Wakaja askari wawili na bunduki.

"Nyinyi nafanya mkutano? Nani natoa ruhusa?"

Watu wamepotea kwa mkutano mdogo kuliko huo. Okeny, bila kupepesa macho, akajibu kwamba tunasubiri sukari, iliyoadimika mji mzima. Askari wakatazamana. Wakajipanga nyuma ya Nabalayo. Walisubiri hadi adhuhuri.

Kanuni nimezibandua. Okeny hakunitaja. Lazima ana hila.

Jumatano, 6 Machi
Mpango mpya: niwe na Kapteni peke yetu, nimweleze sifa zangu. Saa tatu aliingia kwenye lifti, nikajipenyeza nyuma yake. Okeny akaja mbio, akiomba nimshikie mlango. Nikabonyeza kitufe cha kuufunga. Nikamtabasamia.

Baada ya ghorofa ya tatu, umeme ukakatika. Giza totoro. Dakika arobaini! Nilianza hotuba yangu, nikaambiwa ninyamaze. Kisha Kapteni akanishika mkono. Kiganja chake kimelowa. Akauliza, kwa sauti ndogo, kama kamba za lifti hukatika. Nikamwambia ni mara chache. Hapo akalia. Nikasoma Ayatul Kursiyu, naye akafuata, akakosea, nikamsahihisha. Kumsahihisha Kapteni!

Mlango ulifunguliwa kwa nondo. Aliyeishika ni Okeny, jasho likimtiririka. Kapteni akafuta uso, akavaa kofia, akaninong'oneza.

"Wewe hukuona kitu."

"Sikuona, Afande. Kulikuwa giza."

Alhamisi, 7 Machi
Asubuhi nilitia chumvi kwenye chai. Mke wangu, Maimunah, aliuliza nimeona nini. Nikasema sikuona kitu. Akasema basi niendelee kutoona, tena nimshukuru Okeny. Nimshukuru!

Kila gari likisimama nje, najificha stoo. Mchana Okeny alinikuta nyuma ya majalada. Akanipa karanga, akasema hata yeye angeogopa, na kwamba kama nikiitwa atapanda nami. Niliona aibu. Aibu kidogo. Karanga zilikuwa nzuri.

Jumatatu, 11 Machi
Nimeitwa! Nilimwachia Nabalayo saa yangu ampelekee Maimunah. Okeny alipanda nami kweli, hadi mlangoni kwa Kapteni.

Matokeo: karani mkuu ni Okeny. Mimi ni Mwangalizi wa Lifti! Nina kiti changu na kofia yenye utepe mwekundu. Kapteni alisema mtu anayejua kunyamaza ni adimu, na hapandi tena bila mimi. Okeny alinikumbatia. Nabalayo alinirudishia saa, akasema kofia inanikaa. Maimunah alicheka mpaka akakaa sakafuni. Acha acheke. Wakubwa wote wa jengo hili watapita mikononi mwangu.

Na Alhamisi anakuja Kanali mzima kukagua ofisi. Kama dakika arobaini na Kapteni zimenipa kofia, dakika arobaini na Kanali zitanipa nini? Nimeshamuuliza fundi swichi kuu ya umeme iko wapi.