Swala ya Bakwe Ilinikimbiza

Bakamaradi, ninaandika hii haraka, mbele video ya Dédé haiyafika mu groupe. Leo nimepata haya ya mwaka muzima. Musome kwangu kwanza, kisha mutaangalia video mukiwa na huruma.

Bujinga yangu njo hii: nilijifunga kamba ku kiuno, na ncha ingine ya kamba ilikuwa imefungwa ku pembe ya swala. Hakuna mwenye alinilazimisha. Nilikaza fundo mbili. (Kufunga fundo, miye ni fundi. Kufungua, mutaona.)

Munajua dada yangu Solange anaolewa. Bakwe yetu ni bantu ya Kivu ya Kaskazini, banauzisha maharagi na viazi ya jumla. Baba ya bwana-arusi, Papa Muhindo, iko na pikapu. Kesho banakuja kwetu Naviundu kukula. Na mu famiye yetu, siku ya bakwe, Yomba njo analeta nyama ya pori. Yomba ni yaya ya mama, ni kusema kaka yake mukubwa. Nyama yake inafika muzima kabisa. Haipasuliwe mu pori, hata utumbo hautoke. Bakwe benyewe banaiona inafunguliwa mbele yao, bajue hakuna kipande kilibakia njiani. Ni heshima. Lakini ni heshima yenye haraka, juu nyama yenye utumbo ndani, jua ikipanda, tumbo inavimba na yote inaharibika. Ikiharibika, bakwe banakula majani ya sombe tupu na Solange analia mpaka Noeli.

Basi asubui tukafika ku shamba ya Yomba, barabara ya Kambove. (Yomba iko na permi ya kuwinda, bunduki iko na karatasi. Musianze.) Pikapu ikabakia barabarani na Papa Muhindo, bwana-arusi na mama, kule ndani hakuna gari inapita; pale barabarani njo nyama itafunguliwa mbele yao. Mbele ya kuingia pori, nikamwambia Papa Muhindo kama sie bantu ya huku tunazaliwa na harufu ya baruti, bangojee tu. Alinipigia mikono. Mama hakupiga. Mama ananijua.

Saa tatu, Yomba akapiga. Risasi moja. Swala dume, uzito karibu gunia mbili za simenti, pembe zimesimama kama visu. Ikakimbia kidogo, ikaanguka mu kichaka. Yomba akakata nyasi murefu, akanipa. Kazi yenyewe: unaenda polepole, unagusa jicho ya nyama na ncha ya nyasi. Ikipepesa, iko muzima, unarudi nyuma. Isipopepesa, imekufa. Alinituma miye, juu njia nzima nilikuwa nasema miye ni muntu mukubwa.

Nikaingia. Jicho ilikuwa wazi. Ilikuwa inaniangalia, miye, si mwingine. Nikasimama mita tatu. Nikahesabu mpaka kumi. Nikatupa nyasi.

"Nimegusa, Yomba. Haipepese."

"Sawa," akasema. "Leo umekuwa muntu."

Muntu huyo akaomba ruhusa ya kwenda kukojoa. (Nilienda mbali. Nilikawia.)

Niliporudi, miguu ine ya swala ilikuwa imefungwa ku muti, tayari kubebwa. Dédé, mutoto ya Yomba, akabeba mbele. Miye nyuma. Yomba akatangulia na bunduki. Sasa mufikiri vizuri: mwenye kubeba nyuma anaangalia nini? Kichwa. Kichwa ilikuwa inaning'inia chini-juu, inayumba mbele ya tumbo yangu, na jicho ile ile iko wazi. Inaenda, inarudi, inaniangalia. Kila ikirudi nilikuwa najiuliza: imekufa kweli? Nani alisema imekufa? Miye njo nilisema. Na miye najijua.

Kusema ukweli sikuweza. Yomba alishasema nimekuwa muntu. Ningemwambia nini, nimeacha?

Yomba alikuwa anatufundisha tusipige hatua moja, juu mukitembea pamoja muti inaruka na bega inaumia. Miguu yangu ilikuwa inatetemeka, haikufanana na hatua ya muntu yeyote hapa duniani. Yomba akanisifu mara ya pili.

Kisha swala ikapumua. Naapa. "Hmmmm," hivi, kutoka ndani ya koo. Jasho ya baridi ikanishuka mpaka mu soksi. Nikamuuliza Dédé, sauti ya kawaida kabisa, kama yeye njo alisema kitu. Akasema hapana, ni hewa ya tumbo, nyama haiyapasuliwa. Nikacheka. Nilicheka peke yangu, na murefu sana.

Tukafika juu ya kilima moja ya mawe yenye bantu ya mine ya shaba balimwaga zamani. Chini kabisa unaona barabara, pikapu, mama amesimama na sahani kubwa ya kupokea damu. Pale muti haisaidie tena, mawe inateleza, mutaanguka wote. Yomba akafungua miguu ya swala, akafunga kamba ku pembe. Akasema nyama ya muteremuko haukae mbele yake, unakaa nyuma, unaishikilia kama gari yenye haina freni. Ya kuishikilia, ilikuwa lazima kamba ya pili, ya maganda ya muti. Akarudi na Dédé mu miti kwenda kuichuna.

"We ngoja hapa," akaniambia. "Usiivute."

Bakaenda. Tukabakia babili. Na miguu yake sasa ilikuwa huru.

Nikajisemea, malizia kazi yako ya asubui. Nikaokota nyasi ingine. Nikapiga magoti. Nikanyoosha mukono, nyasi ikakaribia jicho, upana ya kidole kimoja tu ilibakia. Swala ikasema: "Hmmmm."

Nyasi sijui ilienda wapi.

Pale njo akili yangu ilifanya hesabu mubaya. Kukimbia niache nyama ya bakwe, ni haya ya kufa nayo. Kubakia peke yangu nayo, ni kufa bila hata haya. Lakini kama itaamuka, heri iamuke kule chini, mbele ya bantu, mama akiwa karibu. Tena nitafika wa kwanza, peke yangu na swala dume, Papa Muhindo atanipigia mikono tena. Mikono yangu ilikuwa na jasho, kamba inateleza. Nikaizungusha ku kiuno. Fundo mbili. Nikavuta.

Hatua ya kwanza, mazito. Ya pili, mazito. Ya tano, nikasikia ni nyepesi. Ya sita, haina uzito kabisa. Nikafurahi. (Masomo ya fizike, munakumbuka? Miye hapana.)

Nyuma yangu mawe ikalia kraa, kraa, kraa. Nikageuka.

Swala ilikuwa inakuja. Kichwa mbele, pembe mbele, jicho wazi, miguu inapiga mawe. Haikuwa inatembea, ilikuwa inakimbia.

Nikakimbia. Nilikata kushoto, na yeye akakata kushoto. Nilikata kuume, akakata kuume. Nikasema huyu nyama iko na chuki na miye, anajua nilidanganya. Kila nikiongeza mbio, anaongeza. Sapatu moja ilibakia mu mawe. Kamba ilikuwa ku kiuno yangu wakati wote, bakamaradi, na haikunijia mu akili hata mara moja.

"Mama, imefufuka! Iko ananifuata!"

Kilima nzima ilisikia. Papa Muhindo, mwenye alinipigia mikono, aliangalia juu, akaona pembe, akaingia mu kabine ya pikapu na bwana-arusi. Bakafunga mulango. Bakapandisha na vioo. Nikapiga ku kioo, Papa Muhindo akanifanyia ishara ya pole sana, na mulango hakufungua. Nikajitupa chini ya pikapu. Lakini kamba ilikuwa ingali inavuta, swala ikamalizia kuteremuka, ikaja taratibu mpaka ku gurudumu, ikaweka kichwa yake ku muguu yangu wenye hauna sapatu.

Na ikasema: "Hmmmm."

Nililia. Sitaficha, iko mu video. Nilikuwa nasukuma na muguu, na kila nikirudi nyuma kamba inavuta kichwa, inanifuata tena chini ya gari. Nilimuomba swala musamaha. Nilitubu mbele ya bakwe wote: sikugusa jicho, nilisimama mita tatu, nilitupa nyasi.

Yomba akafika, anahema, na kamba ya maganda ku bega. Dédé nyuma yake, telefone mukononi. Yomba akachuchumaa akaniangalia kule chini. Akasema aliona nyasi yangu asubui, imelala mbali na nyama, kavu, hata tone ya maji ya jicho haina. Wakati nilienda kukojoa, yeye mwenyewe akagusa jicho. Imekufa tangu saa tatu. Alikuwa ananingojea tu niseme.

Nyama haikuharibika. Ngozi imechubuka upande moja, miye pande zote. Papa Muhindo akashuka, akafuta uso, akasema ku Kivu nako bakwe banapokelewa vizuri, lakini si hivi. Fundo zangu zilikataa kufunguka, Yomba akakata na kisu.

Mbele hajakata, mama alishakuja na sahani yake. Hakukimbia, hakupiga kelele. Aliinama. Akatuangalia vile tulilala, miye na swala, kamba moja, vumbi moja, damu moja, macho wazi sisi wote. Kisha akamugeukia Yomba, akamuuliza pole pole, kama vile anauliza bei ya unga:

"Yaya, mu hawa babili, ulipiga gani?"