Mpaka wa Ligi Niliouchora Mwenyewe

Jumatano, 4 Septemba 1985

Nina hasira! Kamati ya timu yetu hapa kijijini Dunnet imenipa sharti: tukitolewa tena na jirani zetu Melrath raundi ya kwanza, nang'oka uenyekiti. Miaka saba mfululizo! Kosa si langu, ni la ligi. Tangu 1952, wazee walipoiunda ligi ya hoki ya barafu ya vijana katika chumba cha chini cha kanisa, timu sita hucheza pamoja, kisha kwenye mtoano, wa kwanza hukutana na wa nne. Wa kwanza ni Melrath siku zote. Wa nne ni sisi. Na mwenyekiti wao, Orest Hladun, huniletea pirogi za pole, vile viandazi vya kuchemsha vyenye viazi ndani, kabla ya mechi. Kabla! Mshenzi.

Alhamisi, 5 Septemba

Dawa nimeipata. Ligi igawanywe, Kaskazini na Kusini, kila upande na mtoano wake. Mpaka uwe barabara kuu. Melrath kaskazini, sisi kusini. Wararuane huko huko! Mke wangu Doreen akauliza kama nimeitazama ramani. Nimezaliwa hapa, ramani ya nini?

Jumamosi, 7 Septemba

Mkutano mkuu wa ligi. Hoja imepita! Nikaongeza kifungu: mpaka usiguswe miaka mitano, Orest asije akaupindua. Orest mwenyewe akanyoosha mkono kukubali. Tena mikono miwili, anacheka. Mjinga yule.

Jumapili, 8 Septemba

Orest kapiga simu, chakula kiko mdomoni. Kanisomea katiba ya 1952: timu huhesabiwa pale uliposimama uwanja wake, maana wachezaji wengi hutoka mashambani. Akauliza, haya mzee Lorne, uwanja wenu uko upande gani wa barabara?

Kijiji kiko kusini. Uwanja uko ng'ambo, kaskazini. Na mimi huivuka barabara hiyo kila siku ya msimu kwenda kumwagia barafu maji! Sasa Kaskazini tuko wanne, Melrath humo humo. Kusini wamebaki wawili, wataingia mtoano hata wakicheza wamelala. Orest akasema nisijali, pirogi za mwaka huu atazidisha vitunguu. Nikamkatia simu, nikalipiga jokofu teke. Kidole kimevimba.

Jumanne, 10 Septemba

Nimeomba mpaka ufutwe. Katibu wa ligi, Bi Thelma Friesen, kanijibu kwamba kifungu cha miaka mitano hakifutiki, na mwandiko ni wangu. Kimbelembele! Kamati yangu nayo haikungoja raundi ya kwanza. Imeniambia niache funguo za uwanja mezani. Miaka kumi na tisa nimewatumikia! Nikawaambia hawana shukrani. Wakanishukuru, wakanifungulia mlango.

Alhamisi, 12 Septemba

Wasidhani wameniweza. Uwanja hauhami, lakini barabara huhamishwa! Nimewaandikia wakubwa wa barabara waipitishe kaskazini ya uwanja. Na Orest asije akaipindua, nimeomba isiguswe miaka hamsini. Nikirudishiwa kiti changu, watanitambua!

Doreen akauliza huko kaskazini ya uwanja kuna nini. Nikamwambia makaburi tu, na waliomo hawapigi kura. Akasema mama yake yumo. Nikamwambia mama yake alikuwa akiwashangilia Melrath.