Sabuni ya Clovis na SSD ya Mama Kapinga
Clovis aliona riziki yake siku Mama Kapinga alipojisifu mbele ya wateja kwamba kompyuta yake sasa ina disque SSD, ile diski mpya ya kasi. Mama huyo ana secrétariat public, duka la kuchapa na kuchapisha karatasi, karibu na chuo, chumba kimoja tu, na mémoires, yaani tasnifu, za wanafunzi wote wa mwaka ule zilikuwa ndani ya mashine hiyo. Clovis anajua kwamba mtu mwenye kitu kipya huwa na hofu mpya. Elimu hiyo anaifanyia kazi, na mimi nilishailipia mara mbili.

Kazi yake ni kusafisha registre, ile orodha ambamo Windows huandika mipangilio yake yote. Anaingiza programu anayoiita sabuni, programu inatangaza makosa elfu mbili kwa rangi nyekundu, mwenye mashine anatoa jasho, kisha anatoa pesa. Mimi nilitoa vyote viwili, halafu nikasimama kanisani kushuhudia kwamba kompyuta yangu inaruka kwa kasi. Waumini kumi na mmoja wakamtafuta kwa sababu ya mdomo wangu.

"Mama," Clovis alianza, "uchafu ya registre inakamata ndani ya SSD sawa bukari ya unga ku chungu. Usipoisafisha, mémoires yote kwisha!"

Mama Kapinga akavua miwani. "Na sabuni yako haiwezi kuharibu SSD?"

"Ata kidogo! Mi niko fundi."

Mama akamimina munkoyo, togwa ya mahindi, kwenye kikombe, akanywa funda moja, kisha akampa. "Huku kwetu, mwenye kukupatia cha kunywa anaonja wa kwanza, ujue haina sumu. Ao nadanganya?"

"Hapana, mama. Njo vile."

"Basi na weye onja. Tia sabuni ku masini yako. Si nayo iko na SSD?"

Clovis akakohoa. Laptop aliyokuja nayo ndiyo iliyomlisha; bila hiyo angerudi Kasungami kulima mahindi ya mjomba wake, na jembe alilikimbia mwaka wa saba sasa. Sabuni yake hakuwahi kuigusisha hapo hata siku moja.

"Yangu iko safi, mama."

"Basi hauna cha kuogopa."

Wanafunzi wakasogea. Nami, niliyekuja kuchapisha mwaliko wa harusi tu, nikapaza sauti kumtia moyo: "Clovis, bonyeza! Yangu inaruka!" Akanitazama kwa jicho ambalo sikulielewa siku ile.

Akabonyeza. Makosa elfu tatu yakafutwa, laptop ikajizima, ikawaka, ikabaki nyeusi. Akajaribu tena, ikawa vilevile. Fundi akakaa juu ya rundo la karatasi, na kusema kweli nilimhurumia.

"SSD yako iko muzima," alisema Mama Kapinga. "Sabuni haiiumize, haiisaidie pia. Umekata mistari ya Windows ku registre mwenyewe."

"Mama, unaweza kuitengeneza?"

"Nilikuwa natengeneza masini wakati weye ulikuwa unanyonya. Lakini itabaki hapa mpaka upite kwa bantu bote uliwasafishia. Utoe ile programu, urudishe na pesa yabo."

Clovis alizunguka mji wiki mbili na clé USB ya mama ya kuondolea sabuni. Kwangu alifika mwisho, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nikamwekea kompyuta mezani kwa fahari.

"Iyi usiiguse," nikamwambia. "Toka uliisafisha, inaruka."

Akainamisha kichwa. "Vieux, mzee wangu, unisamehe. Masini yako ilikuwa nzito sana, inatembea polepole, sabuni ilikatala kuingia. Nilikuonyeshaka tu video ya sabuni ikisafisha."

"Mara zote mbili?"

"Mara zote mbili."

Akaweka pesa yangu mezani, akaondoka bila kunywa maji niliyomletea. Kati ya wateja wake wote, ni kompyuta yangu peke yake ambayo sabuni haikuigusa, na ni mimi peke yangu niliyeisikia ikiruka. Jumapili mchungaji akauliza kama nina ushuhuda. Nikamwambia nina kikohozi.