Jinsi Kilima cha Kasha Kilivyopata Kuwa Bomba

Tueni ndoo zenu chini, enyi watu wa Bukavu, wa Bagira na wa Kadutu mnaoamkia foleni, nanyi wa Ibanda mnaofungua bomba kwa vidole viwili bila kuuliza maji yametoka wapi; tueni, mketi, mtege masikio, kwa maana naleta habari ya vita vilivyopiganwa mwaka wa 1981, zama za Zaïre, baina ya mtu mmoja mwenye buti za mpira na karatasi moja yenye mistari kumi na minne. Walioshinda vita vikubwa wamekwisha kujengewa sanamu. Huyu hakujengewa kitu, na hilo ndilo linaloniwasha koo hata niseme.

Jina lake Bisimwa, mwana wa Cirhuza, Mpanda-Kilima Asiyehema, Mchunga wa Chemchemi ya Kasha. Padri alimbatiza Déogratias, lakini serikali ilikuwa imeyapiga marufuku majina ya Kizungu, basi jina hilo likabaki kwa mkewe na kwa Mungu, na ofisini akaitwa citoyen, yaani raia, kama watu wote; akina mama tu, nje ya ofisi, waliendelea kuitwa kwa majina ya ubatizo. Kwa miaka ishirini na miwili idara ya maji ya mji ilikuwa imemkabidhi ufalme wenye upana wa mita tatu: birika la saruji lililojengwa chini ya chemchemi, ambamo maji huingia kabla ya kushuka kwa mabomba mpaka Bagira, na kutoka huko mpaka mabafu ya wakubwa wa Muhumba.

Ufalme huo ulikuwa na adui, na adui alikuwa tope. Zamani miti ilisimama juu ya chemchemi bega kwa bega, na mvua ilipopiga, maji yalishuka kwa adabu. Kisha miti ikawa makala, makala yakawa moto chini ya sufuria za mji, na mtelemko ukabaki uchi. Tangu hapo kila mvua ilileta jeshi jekundu, mbele mchanga, katikati udongo, nyuma mawe na vishina vya mihogo, likashuka likinguruma na kulijaza birika mpaka shingoni. Bisimwa alilikabili kwa beleshi na karai. Alilishinda Jumatatu, likafufuka Jumatano. Alilishinda Alhamisi, na Jumamosi mji mzima ulikuwa ukinywa kilima kwa vikombe.

Hata asubuhi moja ya Novemba, mgongo wake ukiwa umekataa kunyooka, shujaa aliazimia kumfuata adui nyumbani kwake. Akapanda, akashika majani, akateleza, akapanda tena, na huko juu akamkuta Maman Marcelline akipanda maharagwe mahali pa mwinamo mkali kiasi kwamba alikuwa amejifunga kamba kwenye kisiki. Mume wake alikwenda Shabunda kutafuta dhahabu, na mwaka wa tatu ulikuwa unakwisha pasipo barua. Watoto sita walikula kutoka kwenye mtelemko ule.

Bisimwa akasimama, akavua kofia, akanena: "Maman, sikukuja na vita. Lakini hii udongo unalima, yote inashuka mu birika yangu. Weye unapoteza shamba, miye napoteza mugongo, na batu ba chini banakunywa hasara yetu sisi wawili."

Maman Marcelline akaegemea jembe lake kama jemadari aegemeavyo mkuki. "Papa Bisimwa, niliiona mbele weye uione. Mwaka ingine maharagi ilikuwa inafika ku goti. Sasa inafika ku kidole ya muguu. Lakini batoto sita habawezi kula mizizi ya miti. Unipatie kazi, nitapanda matete na miti mpaka kule juu, na nitailinda na hii jembe. Usiponipatia kazi, usinipatie shauri."

Neno hilo lilimchoma Bisimwa kuliko mgongo. Akarudi nyumbani, akapiga pasi shati lake la misa, akaenda Ibanda.

Je, nitaanzaje kusimulia mazingiwa yale? Kwa maana Kinshasa ilikuwa imeahidi fedha za kukarabati maji ya mji, na karatasi ya maombi ilikuwa na mistari kumi na minne: mabomba, viungo, valvu, saruji, dawa ya maji, na kadhalika, lakini hapakuwa na mstari wa kilima. Ofisi ya maji ikamwambia kwamba miti ni ya watu wa misitu. Watu wa misitu wakamwambia kwamba miti inayochunga maji ni ya watu wa maji. Watu wa kilimo wakamkalisha kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi, na saa nane wakafunga mlango wakiwa wamesahau kwamba yupo. Mara tatu alishuka kutoka Kasha kwa miguu, mara tatu akapanda, na soli ya kiatu chake cha kushoto ikafa vitani.

Mara ya nne alifika mbele ya Citoyen Mukengere mwenyewe, mkurugenzi wa maji, Bwana wa Muhuri, aliyeketi katika abacost yake, ile suti isiyo na tai, ya rangi ya kahawa, nyuma ya meza pana. Mukengere aliitamani mitambo mipya ya kuchuja maji na kilomita kumi na moja za chuma, na hakuwahi kukanyaga Kasha.

"Citoyen," akasema Mukengere, "Serikali inanunua tiyo." Hivyo ndivyo watu wa Bukavu waliitavyo bomba. "Kilima hatuinunue. Kilima iko pale tangu Mungu aumbe dunia, na kitu yenye iko pale tangu dunia haina facture, haina karatasi ya bei."

Bisimwa akafikiri. Kisha akauliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia: "Citoyen Directeur, tiyo ni nini?"

Mukengere akacheka kidogo. "Tiyo ni kitu yenye inapokea mayi fasi moja, inaishika isipotee, inaifikisha fasi ingine."

"Na kama imetoboka?"

"Inatengenezwa. Njo kazi ya hii feza."

"Basi kilima iko tiyo," akasema Bisimwa. "Mvua inaingia kule juu, udongo inaishika, inaitoa polepole mu chemchemi hata wakati wa jua kali. Na imetoboka, sababu batu balikata miti. Sikuomba kununua kilima, Citoyen Directeur. Niko naomba kuitengeneza, na mulinzi mumoja wa kuiangalia."

Ningependa kuwaambieni kwamba hoja hiyo ilimshinda mkurugenzi, kwa kuwa hoja ilikuwa nzuri. Lakini mwandishi wa tarehe hasemi uongo. Kilichomshinda ni simu, iliyolia wakati uleule. Ilikuwa sauti ya mkewe, Maman Agnès, kutoka Muhumba. Mkaguzi wa kutoka Kinshasa, mgeni wao, aliyekuja kutazama jinsi fedha zitakavyotumika, alikuwa amejitumbukiza bafuni, mvua ya asubuhi ikiwa imekwisha kunyesha huko Kasha, na sasa alikuwa anatoka mwekundu kuliko alivyoingia, akiomba taulo na akiuliza maswali.

Mukengere akaweka simu chini taratibu. Akaivuta karatasi ya maombi mbele yake.

"Hiyo tiyo yako," akasema, "iko na upana gani?"

"Metre mia inne, Citoyen Directeur."

Ndipo kalamu ikafutwa kwenye kitambaa cha meza, na chini ya mstari wa kumi na nne ukachorwa kwa mkono, bila rula, mstari wa kumi na tano: *Bomba la udongo, lenye mizizi. Idadi: moja. Upana: mita mia nne. Matengenezo: matete na miche elfu mbili. Mlinzi: mmoja.* Muhuri ukainuliwa. Pigo la kwanza halikuacha alama, wino ulikuwa umekauka. Mukengere akaupulizia pumzi, akapiga tena, meza ikatikisika, na karatasi ikapata jeraha lake la zambarau.

Mnasubiri kusikia habari ya ile mistari mingine kumi na minne. Mabomba ya chuma yalitoka Kinshasa na hayakufika Bukavu. Saruji ilifika ikiwa nyumba ya mtu. Mitambo ya kuchuja bado iko njiani. Mstari wa kumi na tano peke yake ulifika mzima, kwa sababu katika wakubwa wote wa nchi hapakuwa na hata mmoja aliyejua jinsi ya kuiba kilima.

Maman Marcelline akapewa buti na barua ya kazi. Alipanda matete kwa mistari ya kukata mtelemko, akapanda miche nyuma yake, akabakiza kipande cha tambarare kwa maharagwe. Mbuzi wa jirani alipoonja mti mmoja, Maman Marcelline alimrudisha kwa mwenyewe akiwa amemfunga kamba, na akaeleza mbele ya watu kwamba mbuzi amekula mali ya Serikali.

Mwaka wa pili, katika mvua kubwa za Aprili, Bisimwa alisimama kando ya birika, beleshi mkononi, akilisubiri jeshi. Maji yakaja. Yalikuwa na majani mawili na rangi hafifu ya chai. Akangoja saa nzima, kisha akaketi ukingoni, kwa maana hakujua mtu hufanya nini na mikono yake siku kama hiyo.

Maman Marcelline akashuka, akatazama ndani. "Inaonekana mpaka chini," akasema.

"Inaonekana," akasema Bisimwa. Na macho yake yakalowa, ingawa yeye alisema ni mvua.

Basi na iandikwe, nanyi mkawaambie wajukuu: siku ya Alhamisi, saa tano kasoro robo, katika ofisi moja ya Ibanda, Serikali ilikiri kwa muhuri kwamba mvua huangukia kilima kabla ya kuingia bombani.