Mwanamke wa Kofia ya Njano

Jumatatu, 4 Machi

Binti yangu ananunua nyumba! Wa kwanza katika ukoo wetu mzima. Mfamasia, koti jeupe, kalamu mfukoni, na sasa nyumba! Nikalia kidogo. Nikanawa uso, nikaenda kumwambia Mama Pazia, jirani yangu anayeshona mapazia. Tangu mwanawe anunue nyumba mwaka jana hatujapumua. Akasema hongera, kwa sauti ya mtu anayemeza kidonge.

Mitaa anayoimudu binti ni miwili tu. Mmoja nyuma ya kiwanda cha sabuni, mwingine kando ya reli. Moyo wake uko kwenye sabuni: nyumba ina ua wa kuanikia nguo na chumba cha ziada. Cha ziada ni changu, ingawa bado hajasema. Mwenye nyumba amekubali kumsubiri mpaka benki ijibu.

Akaniomba kitu kimoja. "Mama, safari hii usinisaidie." Maskini, kachoka sana.

Jumanne, 5 Machi

Nimekwenda kukagua. Kofia yangu ya njano, mkoba mkubwa. Ukienda na kandambili utaonyeshwa nyufa tu.

Dalali akasema ni dakika kumi kutoka mjini. Mimi nimetumia saa moja na nusu! Nikamuuliza, dakika kumi za nani? Akasema za Jumapili alfajiri, barabara ikiwa tupu. Halafu akasema mtaa huu "unakuja juu." Mimi niliuona umekaa palepale. Nikatikisa kichwa kama mtu anayeelewa.

Binti sikumtaja, nina akili zangu. Nilisema tu kwamba mwanangu ni bosi hospitalini, pesa kwake si tatizo, na nyumba tumeipenda mno. Ili atuheshimu. Dalali alifurahi mpaka akanifungulia mlango wa gari ambalo si lake.

Jumatano, 6 Machi

Mbinu ya pili. Nimemnong'oneza Mama Pazia, siri kabisa, kwamba kule nyuma ya kiwanda mvua ikinyesha maji yanafika madirishani, tena yana povu. Kumpa siri Mama Pazia ni sawa na kupanda juu ya paa na kipaza sauti. Wanunuzi watakimbia, bei itaanguka, mwanangu ataokota!

Mama Pazia alinitazama muda mrefu. Akasema, "Kumbe?" Akaenda zake haraka. Safi.

Alhamisi, 7 Machi

Bei imepanda! Imepanda! Sielewi.

Binti kaja macho mekundu. Dalali kampigia simu: amejitokeza mwanamke tajiri, mama wa bosi wa hospitali, kicheko kikubwa, kofia ya njano.

Kofia ya njano! Kama yangu! Watu wanaiga mpaka mavazi. Nikamwambia binti kwamba huyo mwanamke hana haya, na utajiri wake wote anakuja kugombania vyumba vitatu na mtoto wa mwenzake.

Binti akaangalia kofia yangu msumarini. Akaniangalia mimi. Akaangalia kofia tena. Nadhani aliona yangu ni nzuri zaidi. Akauliza polepole juzi nilikuwa wapi. Nikasema kwa daktari wa goti. Akalaza kichwa mezani. Kisha akasema, "Mama, kule usirudi." Anahofia tajiri asinipige. Ana huruma huyu mtoto!

Ijumaa, 8 Machi

Nimerudi, bila shaka. Nimevaa kofia yangu, na miwani ya jua juu yake ili yule mwanamke asinitambue. Nimesimama kwenye kona mpaka miguu ikafa ganzi. Hakutokea.

Dalali ndiye aliyeniona, akaja mbio. "Shikamoo, mama mkubwa!" Akanieleza kuwa kuna binti mmoja mkaidi kapiga simu asubuhi, anadai mama wa kofia hana hata senti, asisikilizwe. Moyo wangu ukajaa. Mwanangu amejua kupambana! Nikaona nimuunge mkono. Nikamwambia dalali: chochote atakachotoa huyo mwenye kofia, sisi tunaongeza juu yake.

Dalali akatazama kichwani kwangu. Akakuna sikio. Akauliza tunaongeza juu ya nani. Nikasema si huyo huyo! Akasogea pembeni, akampigia mwenye nyumba.

Tumemkomesha.

Jumapili, 17 Machi

Nyumba imekwenda.

Bei ilipanda mpaka benki ikamkatalia binti. Wakamtafuta tajiri wa kofia alete pesa, hakuonekana. Tapeli mkubwa! Mwenye nyumba akapandwa na hasira, akamuuzia wa kwanza aliyefika na pesa tayari, kwa bei ileile ya mwanzo. Na aliyefika ni nani? Mtoto wa pili wa Mama Pazia!

Mama Pazia kaja kunishukuru mwenyewe. Anasema mtaa ule hakuwahi kuuwazia. Ila nilipomwambia unafurika, akajua papo hapo ni mkavu na kuna kitu kizuri nakificha. "Shoga yangu, tangu tujuane hujaninong'oneza la kweli hata moja."

Binti hajala leo. Nimekaa naye jikoni. Kaniegemea begani. Nikamwapia kwamba yule mwanamke nitamtafuta mpaka nimpate. Akacheka huku analia. Sijui kicheko cha nini.

Jumapili, 14 Aprili

Mwanangu ana nyumba! Kando ya reli. Kaniambia akiwa na funguo mkononi tayari! Treni ikipita vikombe vinacheza kabatini. Nani mwingine ana nyumba yenye muziki?

Na chumba cha ziada kipo, kidogo, kitanda kimeshatandikwa. "Hiki chako, Mama." Sharti moja: kofia ya njano isije mtaa huu. Anaogopa itaibiwa. Nimeahidi.

Nyumba ya ng'ambo ya barabara inauzwa. Kitinda mimba wangu, fundi umeme hodari kuliko wote mjini, hana kwake. Kesho nakwenda kwa dalali wa pale kumweleza sisi ni watu wa aina gani. Bila ile kofia, ahadi ni ahadi. Nimeazima nyekundu ya Mama Pazia. Safari hii yule tajiri hatanitambua kamwe.