Kiti cha Kipketer

Jumatatu, 9 Juni

Imewaka! Sitati aligeuza ufunguo mara ya kumi na moja, Datsun ya marehemu Kipketer ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, kisha ikanguruma mpaka kuku wa jirani wakaruka ua. Mwaka mzima nimeingoja sauti ile. Nilimkumbatia Sitati na grisi yake yote. Fundi mzuri, ila ana mdomo.

Jumamosi ni ukumbusho wa Kipketer kule Elburgon. Siku ya mazishi nilinyakua maikrofoni nikatangaza kwamba gari aliloniachia rafiki yangu, lile alilokuwa akishindania mbio fupi za magari mawili mawili, litakuja kwenye ukumbusho wa mwaka mmoja kwa magurudumu yake lenyewe. Nani alinituma? Kaka yake, Weldon, mwenye mashine ya kupasua mbao, akachukua maikrofoni ile ile akasema mbele ya ukoo wote kwamba lisipofika, injini itakuja kuzungusha msumeno wake. Watu walitupigia makofi sote wawili.

Limebaki tatizo moja. Miguu yangu. Kipketer alikuwa na futi sita na inchi tatu. Mimi Mungu aliniumba akiwa na haraka. Kiti kimechomelewa kwenye sakafu, hakisogei, na nikikaa naigusa breki kwa ncha za vidole tu. Sitati alisema atakikata na kukisogeza mbele, kazi ya nusu saa. Nikakataa. Nikamwambia kile ni kitu cha historia. Akaniuliza kama nataka kuendesha gari au kulilinda.

Sikumwambia ukweli. Kiti kile nilikishona mimi, ndiyo kazi yangu hapa Nakuru, kushona viti vya magari. Sponji bado ina shimo pale Kipketer alipokuwa akikaa. Kila mahali pengine ameshafutika. Nikikisogeza, hata pale hatakuwepo.

Jumatano, 11 Juni

Nina akili! Nimefunga vipande vya mbao juu ya pedali kwa mpira wa tyubu. Vinene kama mkate. Sasa miguu inafika yote.

Jaribio la kwanza, uwanjani kwa Sitati: kuondoka, vizuri sana. Kusimama, pia vizuri, ila pipa la maji ndilo lililolisimamisha gari. Sitati alikuwa akinawa humo. Alitamka maneno ambayo sitayaandika, kisha akasema breki ya gari si ya kufungwa kama mzigo wa sukuma wiki. Nimeongeza mpira.

Alhamisi, 12 Juni

Weldon alikuja kukagua. Hakuna aliyemwalika! Alizunguka gari mara mbili, akafungua mlango, akaketi.

Miguu ikafika. Magoti yakakaa mahali pake. Nilikuwa nimesimama nyuma, nikaona ule mgongo na yale masikio, na moyo ukanipasuka. Nilikaribia kumwita kwa jina la nduguye.

Alisema kwamba, kama sina neno, Jumamosi angependa kuliendesha yeye. Nikamwambia breki zimenizoea mimi. Akaomba basi akae kidogo tu. Nikamwambia kiti kina msumari, ashuke asije akaumia. Alishuka. Alisema sawa, akaenda zake na kofia mkononi.

Kisha nikapapasa sponji kuona kama ameharibu shimo. Sijui. Nimekaa karibu nalo mpaka Sitati alipofunga lango. Namchukia Weldon. Mtu mzima anakuja kukalia vitu vya watu!

Jumamosi, 14 Juni

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa bendeji.

Mpango ulikuwa safi. Datsun haingeweza kupanda kutoka Nakuru mpaka Elburgon, hilo nalijua. Kwa hiyo tulilipandisha kwenye lori la mbao lililokuwa likirudi tupu, tukalifunika turubai, tukalishusha kona ya mwisho kabla ya boma. Mita mia mbili tu kwa magurudumu yake lenyewe. Ahadi ni ahadi.

Mchungaji alikuwa katikati ya maombi nilipotokea. Injini ilinguruma, watu wote wakasimama. Mama Cheruto, mjane wa Kipketer, alifunika uso kwa leso. Nami nilikuwa nalia kwa furaha, huku nakanyaga breki.

Nilikanyaga mbao. Mbao ikateleza. Nikapita hema. Nikapita mchungaji. Kaburi nililikwepa, namshukuru Mungu. Nikaingia mzima mzima kwenye mlima wa unga wa mbao nyuma ya mashine ya Weldon.

Weldon ndiye aliyenitoa, amenibeba kama mtoto. Hakucheka. Aliwaambia watu gari limefika, neno limetimia, injini ibaki ilipo. Halafu akaingia mwenyewe, akaketi na unga wote ule, akashika usukani. Alikaa muda mrefu. Mabega yalikuwa yakitikisika. Chakula kilipakuliwa na hakuna aliyemwita.

Mama Cheruto alinifunga mkono. Alisema shemeji, sogeza hicho kiti, au umpe mwenye miguu. Alisema mto wa Kipketer ulikaa kitandani mpaka Machi, kila asubuhi akiutandika, mpaka siku moja akaugawa, akalala katikati ya kitanda. Alisema Kipketer harudi. Alisema polepole, kama anamwambia mgonjwa. Nikaapa mbele ya mchungaji kwamba Jumatatu nitakisogeza.

Jumatatu, 16 Juni

Nimetimiza. Sitati amekata, amesogeza, amechomelea. Nusu saa, kama alivyosema.

Nikaketi. Breki nikaikanyaga hadi chini bila shida. Kisha nikatazama kioo cha nyuma. Siku zote, nikiwa nimekaa kwenye shimo la Kipketer, kile kioo kilinionyesha dari tu, na ningeweza kufikiri kichwa chake kiko juu ya changu. Leo nilijiona mimi. Mzee mfupi mwenye bendeji. Hapakuwa na mtu mwingine.

Nililia kwa sauti. Sitati aliwasha msasa wa umeme, akaanza kusugua chuma ambacho hakikuhitaji kusuguliwa.

Nilipomaliza, nikamwambia akirudishe kiti. Alinitazama sana. Akakirudisha.

Mama Cheruto amepiga simu kuuliza. Nimemwambia kiti kimesogezwa. Si uongo. Kimesogezwa mara mbili. Weldon naye ameuliza kama Jumapili anaweza kuja akae kidogo. Nimemwambia rangi bado mbichi.

Agosti kuna mbio. Nimeshajiandikisha. Kesho naenda sokoni kutafuta viatu vya soli nene, inchi nne hivi. Shida ilikuwa zile mbao. Kiti hakina kosa.